Sauti ya Shangazi Mbuzi

Kazini walimwita Midomo, na hakuna aliyemaanisha ubaya. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika filamu za katuni wengine huchora nyuso, wengine huwatembeza wahusika. Yeye aliletewa sauti zilizokwisha kurekodiwa, akazisikiliza silabi kwa silabi, kisha akawafumbua wahusika midomo ilingane na maneno. Kwenye "ma" midomo hukutana. Kwenye "fa" meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Mezani alikuwa na kioo kidogo, na mbele yake alijisemesha kutwa nzima.

"Mwenzenu analipwa kwa kuongea peke yake," Mama aliwatania ndugu. "Sisi wengine tukijaribu tunapelekwa hospitali."

Waliishi wawili tu. Baba alikuwa amefariki. Dada mkubwa, waliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, aliondoka miaka saba nyuma, baada ya kuacha chuo cha uuguzi ili awe mwigizaji. Baba alimwambia, "Domo halijawahi kumjengea mtu nyumba." Kasuku akajibu neno ambalo mtoto hamjibu mzazi, akafunga begi. Tangu hapo simu yake haikupatikana. Hata msiba wa Baba haukumfikia, au ulimfikia akashindwa kuja. Hakuna aliyejua.

Asubuhi moja Midomo alifungua sauti mpya kutoka studio ya mji mwingine. Mhusika alikuwa Shangazi Mbuzi, mbishi, mwenye ndevu kidevuni, anayejua mambo ya kila nyumba isipokuwa yake. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya mwanamke wa makamo. Midomo alifanya kazi mpaka karibu na mchana bila kushuku lolote. Kisha akafika mahali ambapo fundi wa studio alisahau kukata. Mwigizaji alikosea, akakohoa, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Ngoja nimeze mate. Hii sentensi ina mifupa."

Midomo akaachia kipanya.

Usemi ule ulikuwa wa nyumbani kwao. Mama aliutumia walipokuwa wadogo, mmoja wao akikwama katika kusoma, na Midomo hakuwahi kuusikia kinywani mwa mtu mwingine. Alirudisha nyuma, akasikiliza. Akavua visikizio, akaenda kunawa uso, akarudi akasikiliza tena. Kisha akamfuata msimamizi wake, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi.

"Naomba namba ya huyu wa Shangazi Mbuzi."

"Amekosea kitu?"

"Hapana. Ni dada yangu."

Msimamizi alimtazama, akasogeza kikombe chake pembeni. "Namba siruhusiwi kutoa. Yuko chini ya wakala. Lakini ukinipa ujumbe, nitahakikisha unafika."

Ujumbe gani, sasa? Kila alioanza kuandika ulitoka ama kama lawama ama kama kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mwisho alimweleza Mama, jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo na hakugeuka. Alisuuza sahani moja muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji.

"Nataka kumsikia," akasema.

Sauti zile haziruhusiwi kutoka ofisini, basi Mama ndiye aliyekwenda. Alivaa gauni lake la shughuli, akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, kikataka kumpeleka asikotaka, akashika meza. Midomo akamvalisha visikizio. Mama akafumba macho. Ule utani wa mbuzi haukumchekesha, alikuwa anasubiri. Kilipofika kile kikohozi, akainua kidole: rudisha. Tena. Tena.

"Kifua hicho!" akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio, na ofisi nzima ikageuka. "Bado analala dirisha wazi huyu! Mwambie afunge dirisha."

Huo ndio ujumbe uliopelekwa, vilevile ulivyo.

Jibu halikuja upesi. Midomo aliendelea na kazi, akiyatamka maneno ya dada yake mbele ya kioo, na safari nyingine shavu lake lilipanda namna ambayo haikuwa yake kabisa, bali ya Kasuku. Hapo alisimama kidogo, akajitazama. Jioni Mama aliuliza, "Leo amesema nini?" Naye akamwigia mbuzi, na Mama akacheka mpaka akafuta macho.

Maneno ya Shangazi Mbuzi yalipokaribia kwisha, Midomo akaanza kujikokota. Sentensi ya mwisho, ambayo angeimaliza kabla ya chai, aliifanya mpaka watu wakaanza kuondoka. Kesho yake alipewa sungura, mwenye sauti ya mwanamume asiyemjua.

"Leo amesema nini?"

"Leo hana maneno, Mama. Yameisha."

"Haya. Kula, chakula kinapoa."

Filamu ilipokuwa imebakiza muziki tu, msimamizi alimjia mezani. "Dada yako amejibu. Anasema amesikia. Na siku tutakapowaonyesha wafanyakazi filamu, atajitahidi kuja."

Siku hiyo Mama alifika ukumbini mapema, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Kila aliyeuliza kama pana mtu alijibiwa, "Pana." Taa zikazimwa. Shangazi Mbuzi alipofungua kinywa, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Mama akaushika mkono wa Midomo, hakuuachia tena. Mkoba ulibaki pale pale.

Mwishoni majina yakaanza kupanda. "Nisomee," Mama akanong'ona, kwa kuwa yalipita haraka. Midomo akalitafuta lile la sauti ya mbuzi, akalisoma kimoyomoyo kwanza.

"Anatumia jina la Baba."

"Si ni baba yake," Mama akasema.

Walipotoka, mchana ulikuwa bado mkali. Mama alisimama kando ya mlango, akawa anawatazama wanawake wote waliokuwa wanatoka, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wadogo mno. Midomo alisimama naye, hakumharakisha.