Bega la Pomboo

Mji ule ulikuwa na kanuni moja ya kustaafu kwa watumishi wake wote: miaka sitini na tano. Karani anayegonga mihuri chini ya kiyoyozi na mwokoaji wa ufukweni anayevuta watu wazima kutoka kwenye mawimbi waliwekwa kapu moja. Ila mwokoaji alikuwa na nyongeza yake. Kila mwaka alitakiwa kuogelea hadi kwenye boya la mbali na kurudi akiburuta sanamu la mpira lenye uzito wa mtu. Akishindwa, kazi imekwisha. Na kama hajafikisha umri, pensheni haioni. Anarudishiwa michango yake, asante na kwaheri.

Waokoaji wakaomba wawe wanastaafu mapema, wakiwa na miaka hamsini na tano, kwa pensheni kamili. Halmashauri ikaunda kamati. Mwenyekiti wake, diwani mmoja mama asiyependa maneno mengi, alisema hawezi kuamua mambo ya majini akiwa amekaa juu ya zulia. Akaagiza jaribio la mwaka huo lifanyike mbele ya kamati, na aliyekula chumvi nyingi kuliko wote ndiye aanze.

Huyo alikuwa Pomboo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na kifua kama mlango, na jina hilo alipewa ujanani kwa jinsi alivyokata maji. Mkewe, fundi cherehani, alimwita hivyo akiwa amemkasirikia tu.

Habari za agizo hilo ziliwafikia waokoaji kwenye kibanda chao cha ufukweni. Nanga, mwokoaji mwenzake na kiongozi wa chama chao, mama aliyekuwa akimshika mtu majini haachii, alimkalisha Pomboo akamfafanulia. Akishinda, kamati itasema wazee bado wanadunda, kanuni ibaki. Akishindwa, kamati itaelewa, lakini yeye atatimuliwa kwa kanuni ya zamani kabla mpya haijapita.

"Sasa nifanye nini?" Pomboo aliuliza.

"Ushinde kwa shida, kaka. Fika, lakini fika hoi."

Pomboo alisema huko kushinda kwa shida hakujui. Nanga akamjibu kwamba ana wiki nzima ya kujifunza.

Basi wiki ile Pomboo akawa anafanya mazoezi ya kuchoka. Jioni alisimama sebuleni akihema, akijishika kiuno, akipepesuka hadi kwenye kochi. Mkewe, bila kuinua macho kwenye cherehani, alimwambia anahema kama mbuzi aliyekwamwa na ganda la ndizi. Kisha akasimamisha mashine.

"Mume wangu, kwa nini usiwaambie tu habari za bega?"

"Bega ni la humu ndani," alijibu.

"Mficha uchi hazai."

"Tumeshazaa watatu. Inatosha."

Siku ya jaribio bahari ilichafuka kidogo, na watu walijaa kama wamekuja kutazama mpira. Pomboo aliingia majini akiwa na nia njema kabisa ya kuchoka. Lakini maji yalipompanda kifuani, ahadi ikamtoka kichwani. Alikata mawimbi, akazunguka boya, akarudi na lile sanamu utadhani amebeba mto wa kulalia. Waokoaji wenzake walipiga makofi, halafu wakakumbuka kwamba hawakupaswa kupiga makofi.

Mhasibu wa halmashauri alitabasamu. "Huyu ana miaka kumi mingine," alisema. Nanga akainamisha kichwa akatazama mchanga.

Mwenyekiti akamwendea Pomboo kumpongeza, akanyoosha mkono. Mkono wa Pomboo haukunyanyuka. Alisimama akitabasamu, mikono imening'inia ubavuni, maji yakimchuruzika. Hapo ndipo mkewe alipopenya katikati ya watu akiwa na shati. Hakumtazama usoni. Aliunyanyua mkono wa kulia taratibu, akautia kwenye shati, akahamia wa kushoto, kisha akamfunga vifungo mpaka cha shingoni. Watu walicheka, wakidhani ni mahaba. Mwenyekiti hakucheka.

"Humvalisha hivi siku zote?"

"Kila akitoka kuvuta mtu, Mheshimiwa. Akiwa majini bega halimuumi. Linakuja kudai nyumbani."

Mwenyekiti akamgeukia Pomboo. Alimuuliza, mtu akipiga kelele za kuomba msaada pale mbali sasa hivi, atakwenda?

Pomboo alitazama bahari. Jibu la maisha yake yote lilikuwa tayari mdomoni, akalimeza.

"Nitakwenda," alisema, "na nitamfikia. Kurudi naye ndiko nisikokujua."

Mhasibu alijaribu kueleza kwamba mfuko wa pensheni hautahimili, na mwenyekiti akamwambia hesabu watakwenda kuitafuta pamoja ofisini, ila hapo ufukweni ameshaona alichokuja kuona.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Pomboo alitangulia mbele, amenuna. Walipofika mlangoni ndipo alipofungua kinywa. "Umenianika mbele ya watu kama nguo."

"Nguo isiyoanikwa hunuka," mkewe alisema, akafungua mlango.

Pomboo alijitahidi kuendelea kununa, akashindwa. Alicheka hadi bega likamkumbusha adabu.

Kanuni mpya haikupita kirahisi. Vikao vilivunjika, vikaitishwa tena. Mwishowe ikapita: waokoaji wastaafu wakiwa na miaka hamsini na tano kwa pensheni kamili, na atakayeumia kabla ya hapo apewe kazi ya kufundisha watoto kuogelea, haki zake zisiguswe. Miji mingine ya pwani ikaanza kutuma watu kuja kuuliza walifanyaje. Katika kumuaga Pomboo, Nanga alisema ni mara ya kwanza ameona kiinua mgongo kikimkuta mtu mgongo ungali unainuka.

Wiki iliyofuata Pomboo alimpeleka mkewe baharini. Miaka yote ya ndoa yao, yeye alikuwa zamu na mama wa watu hajawahi kulowa zaidi ya magoti. Alimfundisha kulala chali juu ya maji, akimshikilia mgongoni kwa mkono ulio mzima. Mama alipiga kelele, akatulia, akaanza kunogewa. Walinogewa wote wawili, maji yakawasogeza polepole, mpaka filimbi ikalia ufukweni. Nanga alikuwa amesimama kwenye mchanga, akiwapungia mkono warudi, wamekwenda mbali mno.

Pomboo alitaka kubisha. Mkewe akamwambia atii mwokoaji, wakageuka kurudi.