Skani ya Maua

Kamati ya maonyesho ilitangaza kanisani kwetu: mwenye picha za zamani za mashindano ya maua, au za akina mama wakitembea vilimani alasiri ya Sabato, azipeleke ofisini Homa Bay, zitengenezewe kitabu. Marehemu mke wangu, Orpah, aliwahi kushinda kwa maua yake. Picha yake ninayo hiyo moja tu. Nikaifunga kwa leso, nikatoka Ndhiwa.

Msichana wa ofisi, Emmah, alinipokea vizuri, akaichukua picha. "Keti, mzee. Nimalize hizi za matembezi, halafu niskani ya mama."

Nikafikiri sijasikia sawa. "Uskani?"

"Ndio. Mashine ya skani si ndiyo hii."

Orpah alipovimba tumbo, daktari wa hospitali ya hapa Homa Bay aliniambia, "Huyu mama anahitaji skani tuone ndani, na skani hapa hatuna. Jaribu Kisumu." Tukiwa bado tunahangaikia nauli, akafa. Kumbe skani iko hapa, karibu na kitanda alichofia, imewekewa kitambaa cha kufuma kama redio ya tajiri, na inapima maua.

"Mmeificha tangu lini?" nikauliza.

Mwenyekiti wa kamati, Machuki, alikuwa anakunywa chai. Akacheka mpaka ikamwagika. "Momanyi, wewe ni wa ajabu. Hiyo ni ya karatasi. Mlaze mgonjwa hapo atuvunjie kioo."

Emmah hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya kioo, taa ikapita chini yake, na mkono ukatokea kwenye runinga ya kompyuta: ngozi, pete, kucha.

"Ona, baba. Ndani haioni."

Nikaona. Lakini moyo haukushuka.

"Nani alikubali inunuliwe?"

"Kamati ilikaa, ikapitisha," Machuki akasema.

"Na ile ya wagonjwa, kamati yake hukaa wapi?"

"Hiyo uliza serikali. Sisi ni watu wa maua."

"Na kwa bodi ya hospitali, si ni wewe uko?"

Akatazama kikombe chake. "Huko mambo ni mengi, Momanyi."

Mambo ni mengi. Mtu anazikwa, wao wanakuambia mambo ni mengi.

Emmah alikuwa ameshalaza picha ya Orpah na kufunga kifuniko, labda atupoze. Taa ilikuwa imeanza kutembea.

"Nirudishie mke wangu," nikasema. Nikainua kifuniko mwenyewe, nikamtoa. "Kitabu chenu kitoke bila yeye."

"Sasa umeharibu," Machuki akasema.

Nikageuka nione nilichoharibu. Kwenye runinga alikuwa ametokea kilemba chake, meno yake, na maua aliyoyakumbatia kifuani. Kuanzia hapo kwenda chini, kule daktari alikotaka kutazama, palikuwa peupe.