Swali la Tisa

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Voi iliamkia mawingu membamba juu ya mlima wa Sagalla, upepo ukipuliza vumbi kutoka upande wa reli, na mvua ya vuli ikiwa bado maneno tu.

Saa moja kasorobo, Tryphena Wakesho, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha chupa za vidonge, alifika kazini akakuta foleni. Haikuwa foleni ya watu. Zilikuwa chupa nyeupe, zile ndogo za kutilia vidonge, zimejipanga mbili mbili kutoka kwenye geti hadi karibu na barabara kuu, zimesimama wima na vifuniko vyake, zikingoja geti lifunguliwe.

"Leo zimekuja kwa utulivu," alisema askari Wambua, akipuliza chai yake. "Jana moja ilinigonga kidole."

"Za zamu gani?"

"Nyingi ni za Nzioka."

Kila chupa ilikuwa na namba ya zamu chini ya kitako, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Tryphena alikusanya sketi yake akapita kandokando ya ukuta, maana kuziruka chupa zilizomtangulia kwenye foleni hakukumkalia vizuri.

Jambo lenyewe lilikuwa na wiki tatu. Mnunuzi wa Ubelgiji aliandika kwamba sheria za vifungashio huko Ulaya zinakazwa, na kwamba yeye hataki kungoja mpaka zimkabe. Kila anayemuuzia chupa aonyeshe kuwa chupa zake haziishii kuwa takataka. Alituma fomu yenye maswali kumi na mawili. Kiwanda kilijibu manane. Swali la tisa liliuliza: chupa zenu zikishatumika, hurudi kwenu kwa njia gani?

Hazikuwa zinarudi. Hakuna aliyewahi kutumwa kuzifuata. Lakini Bwana Musyimi, meneja, alikuwa pia mzee wa kanisa, na katika kiwanda hicho kila zamu ya asubuhi ilifunguliwa kwa maombi. Chochote kilichoishinda ofisi kililetwa hapo: kipuri kilichokwama bandarini, umeme uliopotea, mgongo wa mama mkwe wa Nzioka. Basi Bwana Musyimi akaja na fomu mkononi, akafumba macho, akasema, "Bwana, swali la tisa. Chupa zirudi." Wafanyakazi tisini wakaitika amina. Alikuwa anafunua ukurasa wa swali la kumi wakati king'ora kilipolia, na kazi ni kazi.

Kesho yake zikaja. Zilitangulia zile zilizokataliwa kwa kasoro, kisha zile za zahanati za Taveta na Salaita zikiwa na vumbi jekundu mabegani. Ijumaa ikaingia moja kutoka Ubelgiji, lebo ya kigeni imebanduka nusu na chumvi imekauka shingoni. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mtu wa stoo aliambiwa atafute nafasi.

"Chupa zangu zinanipenda," Nzioka alisema, akizipanga kwenye kreti. "Watoto wangu wenyewe hawarudi nyumbani hivi."

"Watoto wako wanajua umepika nini," alimjibu Immaculate wa vifuniko, mwanamke wa kijiji cha Ronge asiyekopesha jibu.

Shida ya Tryphena ilikuwa swali la kumi: zikisharudi, huenda wapi?

Yeye alijua zinakokwenda. Mdomoni mwa kila chupa palikuwa na foili ya alumini iliyogandishwa kwa gundi isiyobanduka, na kwa sababu ya foili hiyo hakuna myeyushaji wa plastiki, wa hapa wala wa Mombasa, aliyekubali kuzipokea. Tryphena alikuwa ameandika barua tatu akiomba gundi nyingine. Alijibiwa mara tatu kwamba barua imepokewa. Wakati huohuo, kila jioni, lori la kiwanda, Ishaq akiwa dereva, lilipakia chupa zilizokataliwa, na siku hizi pia zilizorudi, na kwenda kuzimwaga katika korongo la Mbololo, juu ya chemchemi anayochota mama yake. Huko zilitiwa moto. Mama yake alikuwa na kikohozi tangu Julai, na maji ya mtungi yalikuwa na utando kama wa mafuta ya taa.

Tangu yale maombi, hata zilizochomwa zilirudi. Zilirudi zimekunjamana mabega, lakini kwenye foleni zilisimama kama wenzao.

Mama yake alimpigia simu asubuhi hiyo kabla ya kiamshakinywa. "Zimepita hapa tena saa kumi na moja. Zinazunguka maharagwe yangu, hazikanyagi jani. Zina adabu kuliko lori lenu."

"Nitasema nao, mama."

"Ulisema utasema." Akakohoa mpaka simu ikakatika.

Tryphena alikuwa mtu wa kuomba. Alikuwa ameliombea korongo lile akiwa amepiga magoti, akiwa anafua, na mara moja akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Sasa aliingia ofisini kwa Bwana Musyimi bila kuketi.

"Bwana meneja, la tisa tuliliombea likajibiwa. Tuliombee na la kumi."

"Mama Shanice," Bwana Musyimi alisema kwa upole, "la kumi si la maombi. Hilo ni la lori."

Akamwendea Ishaq. Ishaq alikuwa anafuta kioo. "Dada yangu, mimi naambiwa tia, natia, naambiwa mwaga, namwaga. Alfajiri nikitoka msikitini nazikuta zaja. Huzipisha."

Saa tatu alifika Lewis, mkaguzi wa mnunuzi, kutoka Nairobi, na kompyuta yake kwapani. Alisimama getini dakika ishirini akitazama chupa zikiingia. Aliandika idadi ya zilizotoka na ya zilizorudi, akapata asilimia mia moja na kumi na mbili, kwa kuwa zilizomwagwa jana zilikuwa zimerudi mara ya pili. Kompyuta ikakataa. Akaandika mia.

"Sijaona kiwanda kingine chenye mfumo kama huu," alisema. "Na la kumi?"

Fomu ilitoa majibu matatu: huyeyushwa, hutumika tena, nyingine. Bwana Musyimi alikuwa ameweka alama kwenye nyingine.

"Nyingine ni ipi?" Tryphena aliuliza.

Lewis alitazama kompyuta. "Hapa hawaulizi. Kilichobaki ni sahihi ya mkaguzi wa ubora."

Tryphena aliiweka kalamu mezani. Kontena lilikuwa limeshapakiwa, nalo lisingeondoka bila sahihi yake. Alisema hatatia sahihi kwenye karatasi ya chupa zinazomwagwa juu ya chemchemi ya mama yake. Hakupandisha sauti. Alisema kama lori linakwenda Mbololo, basi liandikwe Mbololo, na kama haliwezi kuandikwa, lisiende.

Habari zilifika kwenye mashine kabla yake. Bwana Musyimi alipiga king'ora, akawakusanya watu wote uani, wale tisini, askari Wambua, Ishaq na funguo zake, na Lewis akiwa ameshika fomu. Chupa zilizokuwa hazijaingia stoo zilisimama pembeni katika mistari yake. Bwana Musyimi alivua kofia na kufumba macho.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "naahidi: kuanzia leo jioni, lori la kiwanda hiki halitamwaga hata chupa moja Mbololo."

Watu wakaitika amina. Tryphena aliisema kwa sauti kuliko wote, na machozi yalimlenga. Alichukua kalamu, akatia sahihi juu ya mgongo wa Nzioka, akapuliza wino, akampa Lewis. Lewis aliikunja karatasi.

Immaculate alikuwa wa kwanza kuona kwamba meneja hajafumbua macho. Bwana Musyimi hakuwa mtu wa kuacha ahadi nusu.

"Litamwaga Ronge," alisema.