Fowili Kwenye Lami

Mimi sipendi gari linalojidanganya. Niseme mapema, asije mtu akaniambia eti uzee ndio unanisemesha. Haya magari ya siku hizi yameinuka kidogo, yamevimba mashavu, yamebandikwa plastiki nyeusi juu ya magurudumu, ukiyaona barabarani utasema yanakwenda kuwinda. Nyoo! Uvunguni hamna chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari, hamna springi nene, hamna ekseli ya kutazamika. Ni bati limekunjwakunjwa. Ni gari ndogo za saluni tu, zimevalishwa viatu virefu. Na ndizo zilizotumaliza.

Mume wangu watu wanamwita Mzee Difu. Hata mimi namwita Difu, jina lake halisi nalitoa tukigombana. Aliitwa hivyo kwa sababu ya lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu. Wenzake walikuwa wakilifungua wanatetemeka. Yeye alilifungua huku anapiga soga, akalipanga upya, na gari likaondoka halilii hata kidogo.

Gereji yetu iko ukingoni mwa mji, pale ambapo zamani lami iliishia na tope likaanza. Madereva walikuwa wakisimama hapo kufunga fowili, ili magurudumu yote manne yasukume. Wanashuka, wanazungusha vile vifuniko vya magurudumu ya mbele kwa mkono, wanarudi ndani, wanavuta gia ndogo, ndipo wanaukabili mlima. Waliorudi salama walitupigia honi. Walioharibikiwa walituletea mkate wetu.

Na wengi waliharibikiwa kwa ujinga uleule. Mtu anashuka mlimani, amechoka, anasahau kufungua, anaingia mjini fowili imefungwa vilevile. Kwenye tope gurudumu likibanwa linateleza kidogo na mambo yanaisha. Lami haina huruma hiyo. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanataka njia yao, ya nyuma yanataka yao, hakuna anayekubali kuteleza, na nguvu yote inajikunja huko ndani mpaka kitu kivunjike. Difu alichoka kuwagombeza. Akachukua rangi nyekundu akaandika ukutani: USIFUNGE FOWILI KWENYE LAMI. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: nitakucheka kwanza, halafu ndiyo nitakutengenezea. Watu walikuwa wakipiga picha na ukuta ule.

Kisha lami ikapanda mlima hadi kileleni. Siku ya kuifungua nilipiga vigelegele, mjinga mimi, sauti ikanikauka. Sikujua nashangilia nini. Polepole watu wakauza magari yao magumu wakanunua haya yenye mashavu. Na nani anawauzia? Kitinda wetu, mtoto wa mwisho, damu yangu mwenyewe. Amevaa sketi iliyopigwa pasi, anasimama kwenye jumba la vioo huko katikati ya mji, anawaambia wateja, "Hili linafika popote, na mafuta halinywi."

Siku aliyokuja kutueleza kazi hiyo, Difu aliweka kijiko chini. "Popote wapi?" akamuuliza.

"Popote penye lami, baba."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tukabaki na mteja mmoja wa maana, shirika la maji. Wao walikuwa na magari ya kazi, ya kupeleka watu na mabomba kwenye vyanzo huko juu. Difu aliyajua kwa mlio. Tunakunywa chai, gari halijaonekana bado, yeye anasema, "Lile la kijani hilo, na beringi ya mbele imekwisha." Likitokea, ni la kijani kweli. Basi shirika nalo likauza yote, likaleta mapya ya mashavu. Habari ilipotufikia Difu alifuta mikono kwa tambara. Alikwenda akakaa juu ya tairi kuukuu, mchana kweupe, mikono haina kitu. Tangu anioe sikuwahi kumwona amekaa mchana.

Kitinda amekuwa akimbembeleza siku nyingi. "Baba, funga gereji. Njooni mkae kwangu, chumba kipo."

"Nikae nifanye nini? Nihesabu vigae?"

Namjua mume wangu. Huyu ni mtu ambaye sikukuu humtia homa. Ukimwondolea gereji hubaki na mtu, unabaki na nguo zake. Niliogopa, na siogopi kusema kwamba niliogopa. Shirika likituacha, gereji imekufa, na mimi nitakuwa nimelala na mjane wa gereji.

Kitinda si mtoto mbaya. Yale magari ya shirika aliyauza yeye, na meneja wa usafiri wa shirika alimsikiliza. Akamwendea, akamwombea baba yake. Alirudi mbiombio kutuambia. "Ataleta moja, baba. Gurudumu la nyuma linavuma. Likitoka hapa zima, mengine yote yatakuja kwako. Asiporidhika, yatakwenda kwenye gereji ya kampuni yetu, na hapo sitakuwa na la kusema tena."

Kisha yule mtoto akafanya jambo nisilolisahau. Alipiga magoti na ile sketi yake kwenye sakafu yetu ya grisi, kando ya gari lake mwenyewe, akamwita baba yake aje atazame. "Haya hayana chesisi, baba. Jeki inakaa hapa pembeni tu, kwenye hizi alama. Huku katikati usiguse. Hiki kirefu unachokiona si chuma cha kubeba, ni bati tupu, ndani uwazi."

Difu aliinama, akatazama, akapapasa. "Nimeona."

"Kweli, baba?"

"Mwanangu, mimi nimeshika jeki kabla sijamshika mama yako mkono."

"Ndiyo maana nauliza," akasema Kitinda, na safari hii hata mimi nilicheka.

Asije mtu akasema hakusikia. Alisikia. Asubuhi yake anakunywa chai anajisemea, "Pembeni, kwenye alama. Pembeni, kwenye alama." Alivaa ovaroli safi. Alifagia gereji mwenyewe, akapanga spana kwa ukubwa wake, akazipangua, akazipanga tena.

Sasa, Difu ana tabia yake ya kazi, na inabidi niieleze. Mteja akiwa amesimama, Difu hainami. Anamtazama mteja usoni, anampa hadithi, huku mguu wake unaisukuma jeki uvunguni. Mkono mmoja unashuka, unapapasa, unaikuta chesisi, na jeki inaanza kupanda bila yeye kutupa jicho. Hadithi ikiisha gari liko juu. Hayo ndiyo yalikuwa maringo yake, na ndiyo ilikuwa karibu yake kwa mgeni. Watu walikuja na magari mazima ili wachekeshwe tu.

Meneja alikuja mwenyewe. Kijana mpole, shati jeupe, adabu tele. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Tukaitikia. Difu akazunguka gari, akalitikisa gurudumu, akasikiliza, akasema ni beringi. Akaivuta jeki. Akaanza kuinama, wallahi nilimwona anaanza kuinama, anatafuta alama.

Meneja akasema, "Mzee, unajua marehemu baba yangu alikuwa dereva wa yale magari ya zamani? Alikutaja mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akisema, yule fundi anakunyanyulia gari huku mbavu zako zinauma kwa kicheko."

Loo! Nilimwona Difu anarefuka. Mgongo ulinyooka, macho yakawaka, miaka ikamdondoka mwilini. "Baba yako alikuwa nani? Yule mrefu mwenye mwanya? Ebo! Hajakuambia siku aliyosahau kufungua fowili, akazunguka nayo soko zima anatafuta nyanya?"

"Hakuniambia!"

"Ataje aibu yake? Sikia sasa." Na mguu ukaisukuma jeki.

Mkono ukashuka peke yake. Ukapapasa. Ukakuta kitu kirefu, kigumu, kimelala pale pale ambapo chesisi hulala siku zote, na mkono ukaridhika. Nilipiga kelele, "Difu, alama!" lakini yeye alikuwa amefika sokoni na yule dereva, meneja anacheka ameshika tumbo, na jeki inapanda.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu amekanyaga debe. Gari halikunyanyuka, jeki ndiyo iliyoingia ndani yake. Sakafu ikavimba, kiti cha nyuma kikainama upande, mlango ukafunguka wenyewe na ulipofungwa haukukubali.

Hadithi ya nyanya haikuisha.

"Nitalinyoosha," Difu akasema. Sauti haikuwa yake. "Nipe muda kidogo, kijana wangu. Nitalinyoosha, hutaona hata alama."

"Hapana, mzee. Acha tu."

"Nina nyundo ya mpira."

"Mzee, tafadhali. Acha."

Meneja alitoka barabarani kupiga simu, amegeuza mgongo. Lori likaja likalibeba lile gari. Kabla ya kuondoka alimshika Difu mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, mzee. Si kosa lako, haya magari ni mepesi." Heri angetutukana. Mtu akikutukana una cha kumjibu.

Kitinda alinipigia simu analia. Shirika lilikwishampa jibu, magari yote yanakwenda kwenye gereji ya kampuni. "Mama, si nilimwonyesha alama?"

"Aliziona."

"Sasa ilikuwaje?"

"Alisifiwa, mwanangu," nikamwambia. Akasema anakuja.

Nyuma ya gereji kuna gari letu jeupe. Difu aliliunda mwenyewe kutoka kwenye mizoga ya magari yaliyoshindikana, injini ya hili, bodi ya lile, na limetuchukua kwenye misiba na harusi zote za ukoo. Alikuja na ufunguo akaniambia, "Panda." Nikapanda. Nilidhani tunakwenda mlimani kupunga upepo, kama zamani za uchumba wetu.

Tulipofika barabarani alisimamisha. Akashuka, akapiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, akazungusha kile kifuniko. Akaenda la kulia, akapiga magoti tena. Alirudi ndani akavuta gia ndogo. Kisha akaendesha taratibu mpaka kwenye ule mzunguko mkubwa wa barabara mbele ya gereji, palipo na lami nyeusi laini kuliko zote.

"Difu, umefunga fowili."

"Najua."

Akakata usukani mpaka mwisho, akaanza kuzunguka. Gari lilikataa. Lilirukaruka, likaguna, matairi yakapiga yowe. Nilisikia chini ya miguu yangu chuma kinajikaza.

"Jamani, utalivunja!"

"Najua, mama."

Akazunguka tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Magari yenye mashavu yalitupisha, wengine wanapiga honi, wengine wametoa simu wanatupiga picha. Ningeweza kuushika usukani. Niliweka mkono kwenye goti lake, nikauacha hapo. Gari likazidi kunguruma, na yeye akazidi kukanyaga mafuta, mpaka uvunguni kitu kikalia, kaa! Tukasimama. Mafuta meusi yakaanza kutambaa kwenye lami.

Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wameegemea ukuta wetu, ule wenye maandishi mekundu. "Wee! Mzee Difu kafunga fowili kwenye lami! Mzee Difu mwenyewe!" Wakacheka mpaka wakachuchumaa. Nilifungua mlango niwatolee maneno, nilikuwa nayo mazito. Difu akanishika mkono.

"Waache," akasema. "Wanatakiwa wacheke kwanza."

Kitinda alitukuta hapohapo. Alilitazama gari, akatazama vile vifuniko vya mbele, na kwa kuwa ni mtoto wa fundi alielewa yote bila kuuliza. Vijana wakatusaidia kulisukuma gari jeupe kando ya barabara. Kitinda akafungua mlango wa nyuma wa gari lake, na Difu, ambaye aliapa hatalipanda kamwe, akainamisha kichwa akaingia.

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya ngozi mpya. Halikuguna wala halikulia. Mbele ya gereji pana tuta, na nilimwona Difu anajikaza mwili kulisubiri kama alivyozoea. Tulilipita wala hatukulisikia. Akashusha mkono akapapasa kiti, polepole, vilevile alivyokuwa akipapasa uvunguni kutafuta chesisi.

"Kiti chake kizuri," akasema.

Kitinda hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Alipoweza kusema aliuliza, "Nikupeleke wapi, baba? Nikurudishe gereji au twende nyumbani?"

Difu alikunja mikono yake juu ya mapaja, ile mikono yenye grisi isiyotoka, akaitazama.

"Kwako, mwanangu," akasema. "Si ulisema chumba kipo?"