Kabichi za Kumwonyesha Mgeni

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto kazini, soma hii mpaka mwisho. Hasira zikikupanda, ujue hazijakupanda peke yako.

Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa hofu. Mtoto akikohoa, yeye ameshaona jeneza. Binti yake alikuwa bibi shamba, kazi aliyoianza angali msichana, na sasa mvi zilikuwa zinachungulia kwenye kitambaa cha kichwa. Hasa alishughulika na vijana, wale waliomaliza shule wakabaki kuota jua vibarazani. Aliwatoa mmoja mmoja, huyu kwa kumbembeleza, yule kwa kumtania, akawagawia matuta kule bondeni. Walimwita Mwalimu Matope, maana hakuwahi kufundisha na viatu visafi. Mwaka huo walipanda kabichi. Zilikuwa zimeshafunga, ngumu kama ngumi, bado kidogo tu ziende sokoni.

Sasa, mbele ya ofisi ya kilimo alikofanya kazi binti kulikuwa na shamba darasa, lile la kuonyesha watu. Lilikauka likawa kama sakafu, kwa sababu pampu iliharibika na Mkuu wa ofisi hakuona haraka ya kuitengeneza. Haraka aliiona aliposikia mgeni mkubwa anakuja.

Jioni binti alirudi nyumbani, hata mkoba hakuutua.

"Mama, Mkuu anataka tung'oe kabichi za vijana, tuzichomeke pale mbele ya ofisi."

"Zilizofunga?"

"Hizo hizo. Nimemwambia zitakufa. Ananijibu, 'Zisife tu kabla mgeni hajaondoka.'"

"Na wewe?"

"Kesho nakataa, mbele ya watu wote."

Mama akashika kifua. "We mtoto! Na kustaafu ndiyo huko unakaribia! Watakutupa kusikofika hata barabara. Kubali, mwanangu. Vijana watapanda nyingine. Nakuomba mimi niliyekuzaa."

Binti alimtazama sana, kisha akaingia chumbani bila kula.

Kulipokucha mama akamfuata bondeni, kuhakikisha hafungui mdomo. Hakuufungua. Vibarua waliteremka na majembe wakaanza kung'oa. Kijana mmoja, ambaye wenzake walimwita Spika kwa kupenda kubishana, akasimama katikati ya tuta lake.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kabichi ikishafunga haihamishwi?"

Mwalimu akainamia viatu vyake.

"Basi tudanganye, Mwalimu. Sema chochote!"

Mwalimu Matope akageuza uso. Mkuu akacheka. "Kijana, hii ni heshima. Zao lako litaonwa na wakubwa."

"Kwani wakubwa wanakula kwa macho?"

"Mtoeni huyu hapa!"

Jua lilipopanda, kabichi zilikuwa zimesimamishwa mistari minyoofu, majani yameanguka kama masikio ya mbwa mgonjwa. Watu walizimwagia maji kwa ndoo, Mkuu kavaa suti anawafokea wasimrushie tope. Msafara ukatokea. Gari la mgeni likapunguza mwendo, kioo kikashuka kidogo, mkono ukapunga, kioo kikapanda. Wakapita zao. Hakushuka! Hata unyayo hakuutia chini! Jasho la vijana lote lile likaozea vumbini kwa ajili ya mkono wa kupunga, na Mkuu anapiga makofi, eti mambo yamekwenda vizuri. Hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo anakalia kiti kile kile, na pampu haijatengenezwa.

Alasiri mama alikuwa anafagia kibaraza, vijana wakaja. Kila mmoja alikuwa na jembe alilopewa na Mwalimu. Hawakugombana. Walimwamkia kwa adabu, wakayalaza majembe chini, moja juu ya jingine. Spika alikuwa wa mwisho.

"Mama, mwambie Mwalimu tumemrudishia."

"Mwanangu, kosa si lake. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Tulimwamini yeye, mama. Wewe hatukujui."

Wakaondoka. Mama akageuka, akamkuta binti yake kasimama mlangoni, macho mekundu.

"Waite," mama akasema. "Wakimbilie, uwaeleze!"

"Niwaeleze nini? Kwamba nilikuwa najua, nikanyamaza?" Binti aliinama, akaanza kuyaingiza majembe ndani. "Kazi si ipo, mama? Hiyo uliyoiogopea. Kesho asubuhi nitakwenda, nitakaa ofisini, nimevaa viatu visafi."

Mama alitaka kumsaidia. Binti akamwondoa mkono, taratibu.