Bei ya Kufungua Siku

Alhamisi hiyo Triza Khavere alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya mlango wao, mtaani Umoja, akimnyonyesha Tiffany huku kidole gumba cha mkono wa pili kikipanga bei kwenye simu. Alichokuwa akiuza ni mchoro wa sweta ya mtoto yenye madoa ya kanga: kurasa chache za kueleza wapi uingize kulabu, wapi uruke tundu, wapi ubadilishe uzi. Aliubuni mwenyewe tangu mimba ya Tiffany. Alifuma, akafumua, akafuma tena, mpaka mumewe Javan akaanza kuuonea uzi huruma.

"Weka mia tisa," Javan alikuwa amemwambia asubuhi akienda kibarua kwenye kiwanda cha magodoro. "Na usiogope."

Teresiah, mama Njogu, muuza mboga wa hapo nje, alikubali ile mia tisa, ila akaongeza yake. "Mteja wa kufungua mwachie kwa mia, Mama Tiffany. Ukimkataa wa kwanza, siku yote imekufa."

Ndivyo alivyouza sukuma miaka yote, na ilifanya kazi, kwa sababu kibandani kuna asubuhi, na asubuhi huisha. Mtandaoni haiishi. Mwanamke wa kwanza aliandika kutoka Kericho kwamba anafungua siku. Wa pili akaandika kutoka Kanada kwamba kwake ndio kunapambazuka. Wa tatu alikuwa mahali ambapo, kwa maelezo yake, hata jogoo hajaamka. Kila mtu alikuwa wa kwanza. Triza hakutaka kuua siku ya mtu, wala yake, akawauzia wote kwa mia.

Jioni viganja vyake viliondoka.

Vilichomoka kwenye vifundo vya mikono bila damu, kama soksi inavyovuliwa, vikajipangusa kwenye leso, vikatoka kwa dirisha. Vilirudi wakati wa taarifa ya habari, vimechoka, vimejaa manyoya ya paka. Triza hakuwa na paka.

"Karatasi ndiyo umelipiwa," mama Njogu alimweleza kesho yake, akikatakata sukuma bila kuinua macho. "Mikono haijalipwa. Sasa inaenda kwa aliyenunua, inamfumia, ikidhani itapata malipo yake huko."

"Na inapata?"

"Wee! Nani atalipa mikono isiyo na mdomo wa kudai? Shemeji yangu wa Dandora alikuwa anachora mitindo ya viatu. Miguu yake ilikuwa inaenda hivyo hivyo. Ulikuwa unaipata imekaa sokoni Gikomba, imechoka."

Triza akaanza kuishi kwa kusikiliza simu. Ikilia ting, mtu amenunua, na muda si muda vifundo vinaingia baridi. Mara viganja virudi vimepakwa rangi ya kucha, mara vimechomwa na pasi ya watu. Siku moja cha kushoto kilirudi peke yake. Triza alikaa akiutazama mlango mpaka chai ikaota ngozi, kisha cha kulia kikaingia taratibu, kimevaa pete isiyo yake. Javan aliivua pete hiyo kwa sabuni. Kanisani mchungaji akiombea biashara za watu zifunguke, Triza alifumba macho lakini amina hakusema.

Bado aliacha bei palepale. Mia za watu ndizo zilizokuwa zikinunua maziwa.

Kisha ikaja Jumanne. Alikuwa akimwogesha Tiffany kwenye karai, kiganja kimoja chini ya shingo, kingine kikisugua mgongo. Simu ikalia ting kitandani. Triza akasema, "Ngojeni. Aki ngojeni kidogo tu." Viganja havikungoja. Vilikung'uta povu na kwenda zao, na kichwa cha Tiffany kikazama, macho wazi, kikimtazama mama kutoka ndani ya maji.

Triza aliliangusha karai kwa goti. Maji yakatapakaa hadi chini ya kochi. Mtoto akabaki sakafuni akikohoa, kisha akalia, na kile kilio kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote Triza aliwahi kusikia. Alimkumbatia kwa mikono mitupu, akapiga kelele mpaka mama Njogu akaja na taulo.

"Pandisha bei," mama Njogu alisema. "Mambo ya kufungua nilikudanganya. Ni ya sukuma hayo."

Viganja viliporudi, Triza aliandika mia tisa. Ting ikanyamaza kabisa. Watu walikuja kwenye maoni badala yake. *Kwani uzi ni wa dhahabu? Ni karatasi tu na bado uzi ninunue! Dada, kiburi kimekuingia.* Triza alisoma yote akitabasamu, kwa sababu viganja vilikuwa juu ya meza, vyote viwili, siku baada ya siku.

Wiki ya pili vikaondoka bila ting yoyote.

Alimpata mhusika jioni hiyo, Javan akimbonyezea simu. Alikuwa Eve, wa Donholm, mmoja wa wale wateja wa kufungua. Alikuwa ameutupa mchoro kwenye kundi la wafumaji mtandaoni, watu elfu na kitu.

"Eve, mbona umegawa kazi yangu?" Triza aliuliza.

"Aki pole mamii! Sikujua ni siri. Lakini si ulikuwa unauza mia? Kitu cha mia ni kama bure tu. Na wamekipenda sana! Wanauliza kama kuna ya suruali."

Javan alitaka kumjibu jambo kwa niaba yake. Triza akamwambia aache, maana jibu lake lilihitaji vidole vyake mwenyewe, na vidole vilikuwa kwa watu.

Tangu hapo Javan huogesha mtoto kabla ya kwenda kazini. Chakula hupozwa kwanza, kikimwagika kisiunguze. Kitanda kiliuzwa, mtoto asije akaangushwa kutoka juu, wakabaki na godoro chini, la kasoro, kutoka kiwandani.

Jumapili moja mchana viganja vilikuwepo, vyote, hata vimepumzika. Tiffany alimtambalia mama yake na kunyoosha mikono. Triza akamnyanyua, juu, juu zaidi, hadi karibu na balbu. Mtoto akacheka mpaka mate yakamdondokea mama usoni.

"Mshushe," Javan akasema.

"Vipo, Javan."

"Najua vipo. Mshushe."

Triza akamshusha kwenye godoro. Tiffany akabaki ameinua mikono, akitaka tena. Mama yake akaketi sakafuni kando yake, amevikalia viganja kwa uzito wake wote.