Barabara Iliyotoka kwenye Boljointi

Jumatano asubuhi, baada ya kahawa ya pili, Celso Wagsing aliweka mawe nyuma ya tairi za lori lake la kabichi, akalegeza nati za gurudumu la mbele kushoto, akapiga jeki. Uani kulikuwa na watu tisa. Watano walikuja kusaidia, wanne walikuja kueleza namna ya kusaidia. Kwa Wagsing spana haikuwahi kushikwa bila mashahidi.

Boljointi zilikuwa zimekwisha, zile mbili zinazolishika gurudumu ligeuke na usukani. Ukilitikisa tairi kwa mikono, lilicheza kama jino la mtoto. Hizo zilikuwa za tatu mwaka ule. Kutoka kitongojini mpaka lami ni kilomita nne za tope na mawe, ingawa katika makaratasi ya serikali ni zege tangu mwaka juzi. Na Ijumaa, saa tatu asubuhi, mke wake Rufina alitakiwa awe hospitalini, mjini Baguio, kusafishwa damu, kama kila Jumanne na Ijumaa. Akichelewa, mashine anapewa mwingine. Akikosa mara moja, huvimba miguu. Akikosa mara mbili, daktari alishasema kinachofuata. Malori mengine yalishahamishiwa kwa ndugu waliojenga kando ya lami. Lililobaki juu mlimani lilikuwa hili.

"Usipige pini, shemeji, piga ubavu," alisema Fermin, mdogo wake Rufina.

"Na lako wewe hulipiga wapi? Huna hata baiskeli," alisema Celso.

Hata hivyo akapiga ubavu. Pigo la tatu boljointi ya chini ikaachia, na tunduni ukaanza kutoka mchanga. Fermin akaweka beseni. Beseni likajaa. Baada ya mchanga ikaja kokoto, baada ya kokoto saruji kavu, bila haraka, kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka. Adhuhuri kifusi kilikuwa kimefika magotini.

Manang Sabina muuza viazi, dada mkubwa wa kitongoji kizima, ambaye alijua hata mbuzi wa nani ana mimba, alichota kokoto akaisugua kiganjani. Akasema imeoshwa mtoni, si kama ile waliyojengea kanisa.

"Hii ni barabara yetu," alisema. "Nilijua tu haikwenda mbali."

Wote walikubali, maana hakukuwa na barabara nyingine iliyopotea. Wakabishana kidogo kama ilikaa humo tangu mwaka juzi au iliingia polepole. Celso hakubishana. Aliifungua boljointi ya juu, ambayo ilikuwa imebeba vilivyosalia: nondo, na rangi nyeupe ya mstari wa katikati.

Saa tisa mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kila siku huko. Kifusi kikalowa, kikajitandaza, kikajisawazisha, kikakauka. Jioni ua ulikuwa na barabara ya hatua kumi na mbili, yenye mifereji pande zote mbili. Tairi za nyuma za lori zilikuwa zimemezwa nusu, na jeki yote haikuonekana. Celso alifunga boljointi mpya hata hivyo, akazijaza grisi, akanawa.

Siku ya pili walipiga zege kwa nyundo tangu asubuhi ili walitoe lori, wakapata vumbi la kujaza kikombe. Lilikuwa zege la kazi nzuri, lile.

Mchana akafika injinia wa barabara, kwa miguu, viatu mkononi, kwa kuwa gari lake lilikataa tope. Habari zilikuwa zimemfikia. Watu walifurahi. Waliona amekuja kuichukua barabara aipeleke mahali pake, na lori litoke kabla ya Ijumaa. Katika milima ya Benguet mtu aliyeleta heri huchinjiwa nguruwe na haondoki mikono mitupu, na aliyetoa nguruwe alikuwa Rufina mwenyewe, aliyekuwa amekaa mlangoni na shuka mabegani. Alisema wamchinje yule mkubwa.

Nyama ilipokuwa ikichemka, injinia alipima unene, akapima upana, akaridhika. Alilala kifudifudi kupiga picha, ili barabara ionekane ndefu. Wakala. Kila nyumba ikapata fungu lake la kwenda nalo, na yeye lake. Kisha akapigilia ukutani bango lenye uso wa mheshimiwa akitabasamu: kazi imekamilika.

Celso alimuuliza lini itahamishwa.

"Ihamishwe wapi, Manong, kaka yangu? Barabara si hii? Nimeipima."

"Barabara yetu ni kilomita nne."

"Mlipaswa kusema kabla ya kuchinja. Ufunguzi mmeshaula."

Kwao, nguruwe akishagawanywa, jambo limefungwa. Anayelifungua tena anaitukana nyama na wote walioila. Manang Sabina, aliyekuwa na la kusema kuhusu kila kitu, alihamisha fungu lake kutoka kwapa moja hadi jingine. Injinia akawaaga mmoja mmoja kwa jina, akavua viatu, akashuka.

Ijumaa, kabla hakujapambazuka vizuri, walifunga kiti kwenye mianzi miwili. Wabebaji walikuwa wanne, na waliokuja kuwaelekeza wabebaji walikuwa saba. Rufina aliomba kwanza aipite barabara. Akatembea peke yake, kutoka kwenye lori mpaka inapoishia, kwa viatu vyake vya plastiki.

"Nzuri," alisema. "Haitikisi."

Akaketi. Wakamwinua, wakaingia topeni.

Walipofika kwenye lami, malori ya ndugu yalikuwa yameshakwenda sokoni tangu usiku, basi la alfajiri lilikuwa limeshapita, na la pili lilikuwa la saa nne. Fermin alisema hata hapa tope lingekuwa afadhali, angalau lisingekuwa na ratiba. Rufina alicheka kidogo. Kisha akainama akavua viatu, kimoja halafu kingine, kwa sababu vilikuwa vimeanza kumbana.